Mbwa wa Kituoni Anatafuta Kwao: Vidokezo vya Kumpatia Nyumba Itakayompenda

Karen, kandokando ya barabara ya Lang'ata jijini Nairobi, kuna kituo cha KSPCA, chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama ambacho historia yake inaanzia mwaka 1910. Ukikaribia geti, utawasikia mbwa kabla hujawaona. Wapo waliookotwa mitaroni, waliogongwa na magari, walioachwa uani na familia iliyohama, na vijibwa vilivyotupwa vikiwa havijafumbua macho. Kazi ya kuwaokoa watu wanaijua na wanaisifu. Kazi ya kumtafutia kila mmoja mtu wake haisifiwi sana, lakini ndiyo inayoamua kama mbwa ameokolewa kweli au amebadilishiwa tu mahali pa kuteseka.

Vidokezo hivi ni vyako wewe unayejitolea kituoni, unayemlea mbwa kwa muda nyumbani kwako, au uliyemwokota mmoja barabarani na sasa unajiuliza umpeleke wapi. Ninachoamini ni hiki: mbwa aliyeelezwa kwa ukweli, akakabidhiwa mtu aliyeulizwa maswali ya maana, hubaki alikopelekwa. Mbwa aliyepambwa kwa maneno matamu hurudishwa, na kila akirudishwa anakuwa mgumu zaidi kumwamini binadamu.

1. Kaa naye kwanza

Mbwa wa kituoni huonyesha sura ambayo si yake. Ndani ya banda lenye kelele anaruka, anabweka, anatafuna waya. Ukimtoa kutembea kwa nusu saa unashangaa jinsi alivyo mtulivu. Mwingine hujikunja pembeni na kukataa chakula, ukadhani ni mgonjwa, kumbe amejaa hofu. Ndiyo maana usimtafutie mbwa nyumba kabla hujamjua.

Chukua daftari uandike. Anafanya nini akimwona mtoto anayekimbia? Mwanamume mwenye kofia na rungu je? Bodaboda ikipita? Kuku, mbuzi, paka? Ukipita karibu naye akiwa anakula, anaendelea kula au anakaza mwili na kukutazama kwa pembe ya jicho? Ukimshika miguu, masikio, mkia, anavumilia? Jifunze pia lugha ya mwili wake. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua, kugeuza uso, kufyata mkia: hizo zote ni njia za kusema kwamba hajatulia. Kunguruma ni onyo, na onyo ni jambo jema. Mbwa aliyechapwa kila aliponguruma hujifunza kung'ata bila kutoa taarifa.

Kama kituo kinaruhusu, mpeleke alale siku mbili tatu kwenye nyumba ya mtu unayemwamini. Hapo utajua kama amezoea kujisaidia nje, kama analia akiachwa peke yake, kama anaogopa jiko la gesi likiwashwa. Mambo hayo huwezi kuyajua kwa kumtazama kupitia waya, hata ukimtazama mwezi mzima.

2. Afya kabla ya matangazo

Usimtangaze mbwa ambaye hajaonwa na daktari wa mifugo. Apewe dawa ya minyoo, aondolewe kupe na viroboto, achanjwe. Kupe wa huku kwetu hubeba magonjwa ya damu yanayomfanya mbwa akonde, apate homa na kutokwa damu puani. Yakigunduliwa mapema hutibika. Kwa mbwa waliozurura mitaani, mwombe daktari atazame pia sehemu za siri. Kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa mbwa wanapopandana, nao unawapata mbwa wengi wa mitaani. Unatisha kwa macho, lakini kwa sindano za dawa inayoitwa vincristine wengi hupona kabisa. Nasikitika kila ninaposikia mbwa kama huyo amekatiwa tamaa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Karibu asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huo duniani huupata kutokana na mbwa, na dalili zikishaanza, ni nadra mno mgonjwa kupona. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kutokomeza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kwa hiyo kila mbwa anayetoka mikononi mwako akiwa amechanjwa analinda pia watoto wa mtaa anaohamia. Mkabidhi na kitabu chake cha chanjo, chenye tarehe, na mweleze anayemchukua ni lini chanjo inarudiwa. Mwambie na hili, hata kama hataki kulisikia: mtu yeyote akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

3. Asiondoke kabla ya kuhasiwa au kufungwa kizazi

Hapa utapata upinzani, nao nitaujibu kirefu kwa sababu ndio unaowarudisha vijibwa kituoni mwaka baada ya mwaka.

Watu wengi husema dume akihasiwa hatalinda boma. Si kweli. Mbwa hulinda mahali alipopazoea na watu aliowazoea, na hilo halitoki kwenye korodani. Kinachopungua ni kuzurura kutafuta majike, kupigana na madume wengine na kukojolea kila pembe ya nyumba. Dume asiyetoroka usiku analinda zaidi, maana yupo.

Wengine hutaka dume tu, na jike humwona mzigo. Ndiyo sababu kwenye maboksi ya vijibwa vilivyotupwa utakuta majike wengi. Jike huingia joto takriban kila baada ya miezi sita, hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na uzao mmoja unaweza kuwa na watoto watano, sita, hata kumi. Ukimtoa hajafungwa kizazi, umejiandalia kazi ya mwakani. Akifungwa, anabaki mlinzi mwenye sikio kali, asiyevuta kundi la madume getini, na aliyeepushwa na maambukizi ya mji wa mimba.

Kuna sababu ya tatu. Mbwa anayeonekana kuwa na damu ya kizungu, hasa anayefanana na German Shepherd, huwavutia watu wanaotaka kumzalisha na kuuza watoto. Upasuaji ukishafanyika, watu hao hupoteza hamu wenyewe, nawe umebaki na wale wanaomtaka mbwa.

4. Picha moja nzuri inatosha

Mtoe nje ya banda. Asubuhi au jioni, kivulini, si chini ya jua la saa saba linaloficha uso wa mbwa mweusi. Piga magoti ili kamera iwe sawa na macho yake. Mtu amkune kifuani, ulimi utoke, masikio yalegee. Ongeza video fupi akitembea kwa kamba pembeni ya binadamu, kwa sababu video huonyesha ukubwa wake na tabia yake. Kisha itume kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya kanisa, ya wazazi wa shule. Mbwa wengi hupata nyumba kupitia mtu anayemjua mtu.

5. Tangazo liseme kweli, pamoja na kasoro

"Mbwa mzuri, mpole, anahitaji nyumba" ni maneno yasiyomsaidia mtu. Jaribu kuandika hivi:

"Jike, umri kama miaka mitatu, umbo la wastani, rangi ya mchanga. Amechanjwa na kufungwa kizazi. Anawapenda watu wazima na watoto wakubwa. Anakimbiza kuku, na usitegemee ataacha karibuni. Anaogopa radi, usiku wa mvua atataka kulala karibu na mtu. Hajawahi kuishi na paka. Atafaa nyumba yenye uzio na mtu anayeshinda nyumbani."

Tangazo hilo litapata simu chache. Lakini mwenye kuku hatapiga, mwenye paka watatu hatapiga, na mjane anayeishi Limuru peke yake na anayetaka mwenzake wa jioni atapiga.

Ukiwa unamsifu mbwa wa kienyeji, msifu kwa haki yake. Manyoya yake mafupi yanafaa jua letu, haumwi na magonjwa mengi ya kurithi yanayowatesa mbwa waliozalishwa kwa ajili ya sura, na ana akili ya kuishi na watu iliyojengeka kwa vizazi. Basenji, anayeuzwa ghali Ulaya na Marekani, asili yake ni mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo. Ridgeback, mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, alirithi mstari huo kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Mbwa wetu wamedharauliwa hapa kwao kuliko kwingineko.

6. Muulize nani atashika bakuli

Kama utakumbuka kidokezo kimoja tu, kumbuka hiki.

Anayepiga simu mara nyingi ni baba au mama wa nyumba. Anayeishi na mbwa kuanzia alfajiri hadi usiku ni mwingine: dada anayesaidia kazi za nyumbani, kijana wa shambani, askari wa geti, au nyanya anayeshinda uani. Huyo ndiye atakayemlisha, atakayembadilishia maji, atakayeona kwamba leo hakula. Asipompenda mbwa, au akimwogopa, hati yoyote aliyotia sahihi mwenye nyumba haitasaidia.

Kwa hiyo omba kuongea naye, kwa heshima, na mwajiri akiwa amekaa kando.

"Dada, wewe na mbwa mnaelewana?"

"Mimi naogopa. Niliumwa nikiwa darasa la tatu."

"Na huyu unamwonaje?"

"Huyu ametulia. Lakini nikimpa chakula ataniruka?"

Mazungumzo mafupi kama hayo yanaweza kuokoa miaka ya mateso ya pande zote mbili. Dada huyo hajakataa. Ameuliza swali zuri. Mwalike aje kituoni, mara moja na tena, ampe mbwa chakula kwa mkono wake ukiwa pembeni, amfundishe kuketi kabla bakuli halijawekwa chini. Wengi waliokuja wakitetemeka huwa ndio marafiki wakubwa wa mbwa baadaye. Lakini akisema hapana baada ya kujaribu, heshimu hapana yake. Mfanyakazi asilazimishwe kuishi na hofu kazini, na mbwa asiishi na mtu anayemrushia mawe bosi akiondoka.

Uliza pia kama kulisha mbwa kutaongezwa kwenye kazi zake na kwenye mshahara wake. Ni swali linalowakera baadhi ya waajiri. Uliza tu.

Halafu zungumza na watoto. Watoto hawawezi kuwa walezi wa mbwa, hata wakiapa. Mlezi lazima awe mtu mzima. Lakini jinsi mtoto anavyomshika mbwa siku ya kwanza hukuonyesha anafundishwa nini nyumbani.

7. Nenda ukaione nyumba

Picha za simu hazitoshi. Nenda mchana, na ikiwezekana upitie tena jioni. Utatazama uzio: una tundu? Geti linafungwa lenyewe au linaachwa wazi gari likitoka? Maji ya kunywa yatakaa wapi? Kivuli kipo? Mbwa atalala wapi mvua za masika zikija?

Tazama hasa banda. Nchini mwetu ule ubao wa "Mbwa Kali" umekuwa desturi ya geti, na pamoja nao imekuja imani kwamba mbwa akifungiwa kwenye banda la giza mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu, atakuwa mkali kwa wezi. Anachokuwa ni mbwa aliyechanganyikiwa, asiyeweza kutofautisha mwizi na jirani, na siku geti likiachwa wazi atamrarua mtoto anayetoka dukani. Mbwa anayewajua watu wake, anayezunguka uani mchana na kuona nani huja na nani hutoka, ndiye anayejua nani ni mgeni.

Ukikuta mnyororo mfupi umefungwa mtini na ardhi chini yake imechimbika duara, rudi na mbwa wako. Kumtesa mnyama kwa kumfunga vibaya, kumpiga au kumnyima chakula ni kosa kisheria: Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Huhitaji kumhutubia mtu kuhusu sheria getini pake. Mshukuru kwa muda wake, mwambie mbwa huyu hafai mahali hapo, uondoke.

Nyumba ndogo isikutishe. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku. Chumba kimoja chenye mtu anayemtoa kutembea asubuhi na jioni kinamfaa kuliko ekari mbili asikozungumzishwa na mtu.

8. Mpangaji alete neno la mwenye nyumba

Kwa maandishi. Mikataba mingi ya fleti Nairobi hukataza wanyama, na ahadi ya mdomo ya msimamizi wa jengo huisha msimamizi anapobadilishwa. Muulize pia kama ana mpango wa kuhama, na kama jirani wa chini ana mtoto mchanga. Baadhi ya kaunti hudai leseni ya mbwa. Mwenye mbwa aulize ofisi ya kaunti yake kabla askari hawajamuuliza.

9. Ukiwa Pwani, anza kwa heshima ya dini

Mombasa, Lamu, Tanga, Unguja, Pemba: mbwa wa kumtafutia nyumba yupo, na jirani Mwislamu yupo. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mate na majimaji ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Anayekwepa mbwa njiani akielekea msikitini analinda usafi wa mwili na nguo zake kwa ajili ya sala. Usimchukulie kuwa mtu mkatili.

Lakini usidhani kwamba mlango umefungwa. Mafundisho hayohayo yanaruhusu mbwa wa kulinda mali na shamba, wa kuchunga mifugo na wa kuwinda. Na kuna hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemkuta mbwa akila udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Nimesikia wazee wa Pwani wakiisimulia kwa watoto wanaowarushia mbwa mawe, na haikuhitaji kuongezewa neno.

Kwa hiyo tafuta nyumba ambayo mbwa atakuwa na mahali pake nje, penye kivuli na maji, vyombo vyake visichanganywe na vya jikoni, na ua uwe na uzio ili asiwafuate wapita njia wenye kanzu. Shamba la minazi linalohitaji mlinzi linaweza kumfaa sana mbwa wa kienyeji. Jirani aambiwe mapema. Mbwa asiyemsumbua jirani hatawekewa sumu, na sumu, huku kwetu, ni hatari ya kweli.

10. Mgeni mwenye mkataba wa miaka miwili

Nairobi, Arusha na Dar es Salaam zina wageni wengi wanaofanya kazi kwenye mashirika na balozi. Wengi ni walezi wazuri mno: wana ua, wana muda, hawaogopi bili ya daktari. Swali la kuwauliza ni moja: mkataba ukiisha, mbwa anaenda wapi? Kila msimu wa watu kuhama, wapo wanaoacha mbwa kwa askari wa geti wakiwa na matumaini kwamba mpangaji mpya atampenda.

Akisema atasafiri naye, mweleze kwamba jambo hilo huanza miezi kabla ya tiketi. Kuingia nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Kenya au Tanzania, mbwa lazima awekewe chipu chini ya ngozi, achanjwe kichaa cha mbwa, kisha, siku 30 au zaidi baadaye, damu yake ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa, na baada ya hapo asubiri miezi mitatu. Marekani nayo ilikaza masharti tangu Agosti 2024: mbwa awe na umri wa angalau miezi sita, awe na chipu, na anayetoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa aje na karatasi zaidi. Anayesikia hayo yote na bado akatoa kalamu aandike, huyo mpe mbwa.

11. Mfundishe mtu chakula kabla hujamkabidhi mbwa

Chakula cha gunia ni kizuri kwa anayekimudu. Asiyekimudu anaweza kumlisha mbwa vizuri kwa ugali au wali uliochanganywa na omena, matumbo yaliyochemshwa, maini kidogo, karoti na sukuma. Visiwekwe vitunguu wala vitunguu saumu, maana vinaharibu damu ya mbwa. Chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku inayopasuka vipande vyenye ncha, avione kwa mbali.

Na kuna desturi moja ya hatari: mahindi yaliyoota ukungu, yasiyofaa watu, hupelekwa kwa mbwa. Sumukuvu iliyomo, ileile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, huliharibu pia ini la mbwa. Kisichofaa sufuria ya watu hakifai bakuli lake.

12. Siku ya kuhama, na wiki zinazofuata

Mbwa wengi hutoroka katika siku za kwanza, kwenye nyumba wasiyoijua, wakikimbia kurudi wasikokujua. Avae mkanda wenye nambari ya simu ya mlezi mpya kabla hajapanda gari. Afungwe kamba hadi awe ndani ya uzio na geti lifungwe. Asisafirishwe nyuma ya pikapu iliyo wazi. Apelekwe na kipande cha blanketi alilolalia, ili apate harufu anayoijua.

Wanaofanya kazi hii wana kipimo chao: siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Kila mbwa ana mwendo wake, lakini kipimo hicho kinawasaidia watu wasikate tamaa Jumatano kwa mbwa waliyemchukua Jumamosi. Siku hizo za mwanzo majirani wasialikwe kuja kumwona. Asiogeshwe siku ya kwanza. Akiingia chini ya meza, aachwe hapo. Mtu aketi sakafuni karibu naye, asome gazeti lake, amngoje.

Epuka kumhamisha mbwa wiki ya Diwali au ya Mwaka Mpya. Fataki huwafanya hata mbwa wenyeji waruke kuta.

13. Mlezi aandikishane nawe kwamba mbwa akishindikana, anarudi kwako

Karatasi moja inatosha: majina, simu, ahadi ya chanjo, ahadi kwamba hatauzwa wala kupewa mtu mwingine bila wewe kujua. Toza ada ndogo kama kituo chako kinaruhusu, kwa kuwa anayechangia gharama huwa amekwisha kufikiri. Piga simu baada ya siku chache, tena baada ya wiki chache, na uliza maswali mepesi: anakula? analala wapi? amemfuata nani zaidi? Watu husema matatizo mapema wakijua hawatalaumiwa. Na mbwa akirudishwa, mpokee kwa shukrani, andika ulichojifunza, uanze tena na tangazo lenye ukweli zaidi.

14. Usimsahau anayekaa muda mrefu

Vijibwa huchukuliwa upesi. Wanaobaki ni wazee, vilema wa mguu mmoja, weusi wasiotokea vizuri pichani, na wale wenye haya wanaorudi nyuma ya banda mgeni akija. Wapiganie hao zaidi. Mbwa wa miaka minane hatafuni viatu, amekwisha kujua kujisaidia nje, na anaweza kuishi miaka mingine minne au mitano ya utulivu na mstaafu anayetaka mtu wa kumpa salamu asubuhi. Mwenye miguu mitatu hukimbia, hupanda ngazi na hubweka mgeni akigonga. Mwenye haya anahitaji mtu anayemtembelea Jumamosi baada ya Jumamosi hadi atoke mwenyewe.

Ukienda kituoni wiki hii, iwe ni cha Nairobi, ni Mbwa wa Africa kule Usa River karibu na Arusha, au kile kidogo kilicho karibu nawe, muulize mhudumu ni mbwa gani amekaa muda mrefu kuliko wote. Anza na huyo.